Mashina Saba ya Mbaazi

Wiki iliyopita, nje kidogo ya Babati, mama mwenye nyumba niliyopanga aliwasha moto wa chai kwa vijiti vya mbaazi, nikaacha nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nakunja nguo. Mimi ni mtu wa begi. Kazi yangu ni kupikia mafundi wa barabara, na barabara ikisogea na mimi nasogea. Moshi wa mbaazi haufanani na wa mkaa. Una utamu wa mbali, kama mtu anayekaanga kunde nyumba ya tatu, halafu mwishoni unakuja ukali mdogo unaokaa puani. Yule mama akaniuliza kama moshi umeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kuanza kumweleza habari za Katubuka asubuhi ile na chai haijachemka.

Mimi na mama tulifika Kigoma kwa boti ya mbao, mvua za kwanza zikianza. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alibaki nyuma, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba tukifika ng'ambo tusiende mbali na ziwa. Tukae mahali tunapoliona, naye atatukuta. Wenzetu wengi tuliovuka nao walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kambini, ndani kabisa, ambako ziwa halionekani. Mama alinishika mkono tukapita nyuma ya vichanja vya dagaa kama watu wanaotafuta choo, na hatukurudi. Nyinyi mliokuwa watoto miaka ile, upande wowote wa mpaka, mnajua jinsi mama alivyoweza kukushika mkono bila kusema kitu na wewe ukajua usilie.

Bi Tatu alitukuta sokoni Mwanga, mama akichambua dagaa wa watu ili tupate chakula. Alikuwa mjane wa Ujiji, mnene, mwenye miguu iliyovimba na sauti ya chini. Alimtazama mama mikono kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama anajua kulima. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno kama ishirini, alielewa neno hilo moja. Akamwonyesha viganja.

Shida ya Bi Tatu tuliijua baadaye, kidogo kidogo, na tukaibeba kama yetu. Mumewe alipofariki, ukoo wa mume ulikaa wakakubaliana kwamba shamba la mlimani Katubuka libaki kwake maadamu analilima. Likilala misimu miwili mfululizo, linarudi kwa ndugu wa marehemu. Msimu wa kwanza ulikuwa umeshalala, yeye akiwa edani na miguu ikimuuma. Shemeji yake, Bwana Hamimu, alikuwa ameshaanza kuonekana pale na watu wa kununua, akipima kwa hatua. Kwenye shamba kulikuwa na kibanda cha udongo chenye mlango wa bati, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote, mpaka milima ya Kongo upande wa pili. Mama alisimama pale siku ya kwanza, akaweka chini kifurushi chetu. Kwake ilikuwa imetosha.

Bi Tatu alitaka mbaazi. Sisi tulitoka juu milimani, kwenye baridi, ambako tulilima maharage, viazi na migomba. Mbaazi ni zao la kwenye joto na mama alikuwa hajawahi kuishika. Kwa hiyo Bi Tatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akafundisha kwa fimbo. Hatua moja ya mtu mzima, shimo, punje tatu, funika, hatua nyingine. Mstari ulizunguka shamba lote na mwingine ukapita katikati, kukingama mteremko. Mama akauliza, kwa vidole zaidi kuliko kwa maneno, zao hili ni la miezi mingapi.

"Huyu si wa miezi, mwanangu," Bi Tatu akasema. "Ukimtunza anakukalia miaka minne. Anachanua, anazaa, unamkata, anachanua tena."

Mimi nilielewa vizuri kuliko mama, maana Kiswahili kiliniingia haraka, na nilichokielewa kiliniumiza. Miaka minne. Kwa akili yangu ya mtoto, mtu anayepita hupanda maharage, anavuna, anaondoka. Anayepanda kitu cha miaka minne amekwishaamua. Nilimwona mama akiingiza punje ardhini, tatu tatu, nikaamini kwamba kwa kila shimo anamwambia baba asije. Sikumuuliza. Nilizichukia mbaazi zile kabla hazijaota.

Na nikapewa mimi kuzitunza. Mbaazi ikiwa changa ni dhaifu na mvivu. Miezi miwili ya mwanzo magugu yanaipita kimo, na usipopalilia unaipoteza. Nilipalilia kwa mkono, nimechuchumaa, kila mche. Niliacha ulio imara kwenye kila shimo nikang'oa wenzake, kama nilivyoelekezwa. Nilifukuza mbuzi, maana mbuzi akionja jani la mbaazi hasahau njia. Kisha mvua zilipoelekea kukatika miti ikanyanyuka kwa ghafla, ikanipita, na asubuhi moja ikafungua maua. Ni ya njano, na mgongoni ua limechorwa mistari myekundu kama limekwaruzwa na kucha. Nyuki walijaa mpaka mstari ukavuma. Sikutaka kuyapenda. Nilikuwa naamka mapema kuliko mama nikayaangalie kabla hajaniona.

Kiangazi kikaja, maganda yakakauka. Upepo wa ziwa ukipanda, shamba lote linachakacha. Siku moja mama alikwenda Mwanga akaniacha nyumbani, nami nikaamua nimfanyie kazi kubwa aikute imekwisha. Kuvuna nilikujua. Nyumbani maganda ya maharage yakikauka unaamka alfajiri kabla jua halijayapasua, unang'oa shina zima na mizizi yake, unaanika uani, unapiga kwa fimbo. Tangu naweza kusimama nilikuwa naona watu wakivuna hivyo. Kwa hiyo nilipanua miguu juu ya mbaazi ya kwanza, nikaishika chini kwa mikono miwili, nikavuta.

Haikuja. Hilo peke yake lingenitosha. Mbaazi ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja kama msumari, na ilikuwa kama inanivuta yenyewe. Nikachukua jembe. Nikachimba, nikakata mizizi ya pembeni, nikavuta tena hadi nikaanguka kwa matako na mti juu yangu. Nikafanya wa pili, na wa tatu. Viganja vikatoka malengelenge. Nimejiuliza mara nyingi, katika kambi nyingi za barabara, kama nilikuwa nasaidia tu, au kama kuna kipande changu kilichofurahia kung'oa ile miaka minne. Nadhani vyote viwili vilishika jembe.

Nilikuwa nimemaliza wa saba Bi Tatu alipotokea, akipanda mteremko kwa kupumzika kila hatua kumi. Akasimama. Akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba navuna. Bi Tatu akakaa chini palepale, udongoni, mtu ambaye kukaa na kunyanyuka kulimgharimu, akahesabu kwa kidole yale mashimo.

"Weka jembe, mwanangu," akasema. "Maharage yenu yakishavunwa hufa. Huyu hafi. Huyu anachumwa."

Hakunipiga, na mama aliporudi hakunipiga. Afadhali wangenipiga. Mama aliitazama ile miti saba iliyolala uani na mizizi yake hewani, akaketi karibu nayo muda mrefu. Kisha akachuma maganda yake, akapukuta majani, akaifunga pamoja kwa kamba za migomba, akaegesha juu ya mapanda manne ikawa kichanja cha kukaushia vyombo. Mizizi hakuikata. Ilijitokeza upande mmoja kama vidole. Kila siku nilipoosha vyombo niliviweka juu ya kosa langu, nikaamini kwamba mama amekijenga kwa ajili hiyo, nisisahau.

Wiki chache baadaye, mavuno yalipokwisha, Bi Tatu alirudi na panga. Akaanza mwanzo wa mstari, akaikata miti yote kwenye usawa wa goti, mkato wa kuinama. Mama alimfuata akikusanya matawi, midomo ameibana. Mimi nilitazama mistari yetu ikigeuka visiki na nikajua maana yake: kwa ajili yangu Bi Tatu anafuta kila kitu, tunafukuzwa. Nikaingia ndani, nikafunga kanga ya mama, sufuria na kibatari katika kifurushi kimoja, nikakaa juu yake mlangoni. Bi Tatu aliponikuta akafuta jasho, akaniuliza kama nasafiri na kama nauli ninayo. Kilikuwa kifurushi changu cha kwanza cha bure. Tangu hapo nimefunga vingi.

Mvua ziliporudi visiki vikachipua. Si chipukizi moja moja; kila kisiki kilitoa matawi matano, sita, mekundu kwanza kisha ya kijani, na baada ya miezi miwili tulikuwa na uzio mnene kuliko mwaka uliopita. Katika yale mashimo saba nilipanda mwenyewe, punje zilizotoka kwenye miti ileile niliyoing'oa. Hakuna aliyenituma. Nilizipalilia zile saba hadi ardhi ikang'aa. Mama alinipita akiwa na ndoo kichwani, akasema kwa Kirundi, "Ehe, mwana wanje," yaani mwanangu, akaendelea na safari yake. Ndiyo sifa pekee niliyopata mwaka ule na niliishi nayo.

Bwana Hamimu alikuja msimu huo wa pili mbaazi zikiwa na maua juu na maganda mabichi chini. Hakuja peke yake. Alimleta dada yao mkubwa, Bi Mgeni, ambaye ukoo mzima ulimwogopa, na mzee mmoja wa familia aliyekuja kusikiliza. Bi Tatu alipanda nao. Mama alipowaona alinivuta nyuma yake. Hatukuwa na karatasi. Majirani walikuwa wametutendea wema wa kutotuona tangu tulipofika, na siku hiyo nilifahamu hasara ya wema huo: hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye angesimama aseme tulikuwa hapo tangu lini.

Bwana Hamimu alieleza vizuri. Shamba, alisema, lililala misimu miwili. Wakimbizi hawa wameletwa mvua za juzi tu, baada ya shemeji kusikia kwamba mnunuzi amepatikana. Mbaazi kubwa hizi ni za marehemu kaka. Mbaazi inajikalia miaka, kila mtu anajua, wala haihitaji mtu. Akatembea hadi kwenye zile saba zangu, nyembamba, zenye shina moja moja kati ya wenzao wenye matawi.

"Za wakimbizi ndizo hizi," akasema. "Miche saba. Dada, mtu akiweka miche saba amelima?"

Bi Tatu akasema zote ziliwekwa siku moja, msimu wa kwanza, kwa fimbo yake mwenyewe. Bwana Hamimu akauliza, kwa upole, kama zote ziliwekwa siku moja mbona hizi saba ni changa. Bi Tatu akafungua mdomo, kisha macho yake yakanipitia, akaufunga. Hakutaka kunitaja. Mama akasema "simbizi," sijui, kama alivyosema kwa kila mtu aliyemwogopa.

Nilimwona Bi Mgeni akigeuka kutaka kuondoka. Nikaona pia, juu ya bega lake, ziwa lote. Tukitoka pale tunapelekwa kambini, na baba akija atalitafuta ziwa na sisi hatupo. Nikatoka nyuma ya mama.

"Shikamoo bibi. Za pale nilizing'oa mimi."

Bi Mgeni akaitikia marahaba, akaniuliza niling'oa nini. Nikamwambia mbaazi. Akaniuliza ni nani ang'oaye mbaazi. Nikamwambia nilidhani ni kama maharage. Akaniuliza niliing'oaje, nimwonyeshe. Nikapanua miguu juu ya kisiki kilichokuwa karibu, nikashika chini kwa mikono miwili, nikavuta, halafu, kwa kuwa nilitaka kusema kweli yote, nikaanguka kwa matako kama nilivyoanguka siku ile.

Bi Mgeni alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha akalazimika kumshika yule mzee mkono asianguke. Mzee naye akacheka. Hata Bi Tatu. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuka akielekea jikoni, na nilidhani ameona aibu. Bwana Hamimu akasema mtoto amefundishwa.

"Nani amfundishe hivi?" Bi Mgeni akamwuliza, akijifuta machozi. "Uongo hautungwi wa kijinga namna hii. Hapa Ujiji hata mlevi hang'oi mbaazi."

Ndipo mama akarudi amekibeba kichanja chetu, mzimamzima, vyombo ameviacha chini. Akakiweka mbele ya Bi Mgeni, upande wa mizizi ukimwelekea. Bi Mgeni akachuchumaa kwa shida. Akapitisha kidole kwenye shina la kwanza toka mzizini hadi kileleni, kisha la pili, yote saba. Akaniambia nikibebe nikilinganishe na mashimo, nami nikaenda nacho mche hadi mche, nikionyesha kila shina na mche wake, wao wakinifuata kama watu kwenye mazishi.

"Hamimu, njoo uone kwa macho yako," akasema. "Mashina haya ni kama dole gumba. Mwaka mmoja. Hayajawahi kuguswa na panga. Yangekuwa ya marehemu, yangekuwa kama mkono wangu, na makovu juu, maana ndugu yangu alikuwa anakata kila mwaka. Mtoto ameyang'oa mwaka jana na mwaka jana yalikuwa yamezaa. Sasa niambie, msimu wa pili ulilala wapi?"

Bwana Hamimu alitazama mashina. Alitazama miche. Akasema kitu kuhusu kiatu chake, kwamba kimeingia mchanga, akainama kukivua, na akakaa ameinama zaidi ya inavyohitajika kwa mchanga. Yule mzee akatamka kwamba shamba ni la Bi Tatu na wanaolima ni wageni wake, na kwamba jambo hilo lisirudishwe tena. Bi Tatu alikaa juu ya ndoo yake akajifunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yakacheza kidogo.

Bi Mgeni alikuwa ameshaanza jambo jingine. Alisema hakupanda mlima na magoti yale ili arudi na njaa, mbaazi mbichi anaziona, na kuni anaziona pia, kwa hiyo tuwashe moto. Mama akasita. Nilimwona ameshika fundo la kichanja, hafungui. Nikamwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kwamba ayachome tu, mimi nimeshakoma, sihitaji kukumbushwa tena.

Akanitazama kama hajanielewa. Kisha akaelewa. Akaniambia kwamba hakuyaweka kwa ajili yangu. Yalikuwa kitu cha kwanza kilichotuotea huku, akasema, na mkono wake ulishindwa kuyatia motoni. Na akaongeza, kwa kuwa aliona uso wangu, kwamba mbaazi alizipanda za miaka minne kwa ajili ya baba. Maharage yangekwisha na sisi tungehama. Alitaka, siku yoyote atakayokuja, akute bado tuko.

Baba hakuja, na hiyo ni habari yenye kurasa zake. Lakini hatukuhama. Mbaazi zile zilikaa miaka yake yote, tukapanda nyingine katika mistari ileile, na kutoka hapo nilitembea kwenda shule hadi kidato cha nne. Ni mimi tu nisiyekaa mahali. Hata hivyo sijawahi kuona ua la njano lenye mikwaruzo myekundu mgongoni, kutoka Masasi hadi hapa Babati, nikashindwa kusimama.

Mama alifungua fundo. Akayatia mashina motoni moja baada ya jingine, sita, na la saba akanipa mimi, nikaliingiza mizizi ikitangulia. Moshi ukapanda, ule wa utamu wa mbali na ukali mwishoni, ukazunguka maua yote ya mstari wa juu. Mbaazi zilipikwa kwa mawese na dagaa hadi mchuzi ukawa mwekundu mzito. Bwana Hamimu alisema ameshiba. Bi Mgeni akaichukua sahani aliyoikataa, akainyanyua juu ya vichwa vya watu.

"Mpeni Binti Maharage," akasema, na jina hilo ndilo wanaloniita Ujiji hadi leo.

Nilikuwa nimeshamaliza sahani mbili. Nikala na ile ya tatu.